Mtoi Amepatikana na Bakteria kwa Mkojo na Haumwi? Usikimbie Duka la Dawa Bado

Chukulia hii form. Ni Jumamosi, kuna kambi ya afya kwa shule moja hapo Mukuru kwa Reuben. Tenti imesimamishwa, foleni ya watoi imefika hadi gate, na kila mtu anapimwa sare: uzito, macho, meno, mkojo. Sistako mdogo wa miaka nane anarudi keja na kakaratasi. Kwa ile laini ya mkojo kumeandikwa "bakteria" na alama mbili za kujumlisha. Mathe anashtuka. Anakupea soo mbili na kukutuma duka la dawa umletee antibiotiki kabla figo za mtoto ziharibike.

Na sistako mwenyewe? Ako nje anaruka kamba. Hana homa, hasikii uchungu akienda susu, amemaliza chapo mbili na anaitisha ya tatu.

Sasa ongeza mtu wa pili. Binamu yako wa miaka kumi amekuja kutembea kutoka ushago, Kwale. Naye pia haumwi. Anapiga boli hadi giza iingie. Hakuna mtu amewaza kumpima chochote, kwa sababu nani hupima mtoi ako fiti?

Kati ya hao wawili, nani anafaa kushughulikiwa? Wasee wengi watasema sistako, kwa sababu yeye ndiye ako na karatasi. Lakini ukiuliza daktari anayejua hii mambo, kuna uwezekano mkubwa atakwambia sistako aachwe aendelee kuruka kamba, na binamu ndiye apimwe. Wote wawili hawana dalili. Tofauti iko kwa kile kinaishi ndani ya kibofu, na kama dawa itasaidia ama itaharibu.

Hii stori ni muhimu kwa mtaa, so kaa hapa tuibonge yote.

Bakteria kwa mkojo si lazima iwe ugonjwa

Kwanza tuelewane kuhusu UTI. UTI ya ukweli mtoi huisikia. Mkojo unachoma, anaenda choo kila dakika kumi na inatoka kidogo tu, tumbo la chini linauma, anaweza kuwa na homa ama kutapika. Mtoi aliyekuwa ameacha kukojoa kitanda anaanza tena. Mgongo, pale chini ya mbavu, unaweza kuuma kama infeksheni imepanda hadi kwa figo. Hiyo ni ugonjwa na inatibiwa haraka.

Lakini kuna kitu kingine. Bakteria wanaweza kuingia kwa kibofu, wakae huko, wazaane, na mwenye kibofu asisikie kitu. Ukipima mkojo unawapata wengi. Ukimwuliza mtoi, anakwambia ako sawa, na kweli ako sawa. Madaktari wamejua hii hali kwa miaka mingi. Kazi ilikuwa kujua kama inafaa kutibiwa.

Kipimo chenyewe kilitoka kwa daktari anaitwa Edward Kass, wa Boston, Marekani, miaka ya 1950. Yeye ndiye alifanya watu wakubaliane kwamba ukipata bakteria 100,000 ama zaidi kwa mililita moja ya mkojo safi, hao wanaishi huko, si wale waliingia kwa mkebe kwa bahati mbaya. Kass pia aliona kitu kwa wanawake wajawazito: wale walikuwa na bakteria bila dalili, wengi wao waliishia kupata infeksheni ya figo mimba ikiwa bado. Hiyo ilishtua watu. Ikiwa mama mjamzito anaweza kuumia kimya kimya hivyo, je, watoto wa shule?

Wakaingia mashuleni na mikebe

Kuanzia 1959, daktari mwingine, Calvin Kunin, alianza kupima mkojo wa watoto wa shule huko Virginia, Marekani. Maelfu ya watoto. Kwa wasichana, alipata kama mmoja kati ya mia ako na bakteria bila dalili. Kwa wavulana, karibu hakuna. Akiwatibu, bakteria waliondoka, lakini wengi walirudi nao tena baada ya muda.

Wazo likawa tamu sana: pima wasichana wote wa shule, wape dawa, na utazuia figo kuharibika wakiwa wakubwa. Nchi tofauti zikaanza kulijaribu. Shida ni kwamba hakuna mtu alikuwa amehakikisha kama dawa inazuia kitu. Kuua bakteria ni jambo moja. Kuokoa figo ni jambo lingine.

Watafiti wa Cardiff na Oxford, Uingereza, ndio waliamua kuhakikisha. Walichukua wasichana wa shule zaidi ya 200 waliopatikana na bakteria kwa kupimwa tu, bila kuumwa. Wengine wakapewa dawa, wengine hawakupewa. Wakafuatwa miaka minne. Matokeo yalitoka 1978. Wale wa dawa, mkojo wao ulisafishwa zaidi, hiyo ni kweli. Lakini figo zao hazikukua vizuri kuliko za wenzao, na dalili za UTI hazikupungua kwa maana. Watoto walimeza madawa, mkojo ukawa safi kwa karatasi, na afya ikabaki vile ingekuwa bila hizo dawa.

Halafu Wasweden wa Göteborg wakaongeza kitu noma zaidi. Walikuwa wanafuatilia wasichana wenye bakteria bila dalili, bila kuwatibu. Wengine wao wakapewa antibiotiki kwa sababu ingine kabisa, kwa mfano koo ama masikio. Dawa ilifagia wale bakteria wa kibofu, halafu baadhi ya hao wasichana wakapata bakteria wapya, na safari hii wakaumwa kweli.

Unaona hiyo maneno? Wale bakteria wa kwanza walikuwa wapole. Wamezoea hapo, hawasumbui mtu, na nafasi yao imejaa. Ni kama keja iko na mpangaji mtulivu miaka mitatu. Ukimfukuza bila sababu, keja haibaki tupu. Anaweza kuingia msee wa kupiga redio usiku na kugonga kuta.

Ndiyo sababu leo ushauri uko wazi. Mwaka wa 2019 chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani kilitoa mwongozo: mtoto ambaye hana dalili asipimwe bakteria kwa mkojo, na wakipatikana kwa bahati, asipewe antibiotiki. Mtoto mwenye shida ya figo inayojulikana ama amefanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, huyo ni kesi ya daktari wake. Sistako anayeruka kamba hayuko kwa hiyo kundi.

Hako kastripu pia hudanganya

Kwenye kambi nyingi hakuna maabara ya kukuza bakteria. Kuna stripu, kale kakijiti kenye viboksi vya rangi. Kanachovywa kwa mkojo, rangi zinabadilika, unalinganisha na chati ya kwa chupa. Kiboksi kimoja kinaangalia chembe nyeupe za damu, kingine kinaangalia naitraiti, kitu ambacho bakteria wengine hutengeneza, kingine damu, kingine protini, kingine sukari.

Stripu ni kitu poa ikitumiwa kwa mtoi anayeumwa. Kwa mtoi mzima, inaweza kukupotosha. Fikiria vile mkojo hupatikana kwa kambi: choo kimoja, watoto mia mbili, mkebe umeoshwa ama haujaoshwa, na hakuna mtu amemwambia msichana ajipanguse kwanza, aachilie mkojo wa mwanzo uende, ndio akinge wa katikati. Bakteria wa ngozi wanaingia kwa mkebe. Mkojo unakaa kwa jua masaa mawili, bakteria wanazaana hapo kwa meza. Msichana mkubwa anaweza kuwa kwa siku zake, na damu inaonekana.

Kujua kwa uhakika kunahitaji kukuza mkojo kwa maabara, na majibu huchukua siku moja hadi mbili au zaidi. Hiyo maabara inaweza pia kukwambia ni dawa gani bado inaua hao bakteria. Alama mbili kwa kakaratasi haziwezi kukwambia hayo yote.

Mbona Mukuru hii ni kitu serious

Unaweza kusema, "Sawa, dawa haisaidii, lakini si inadhuru pia? Ni soo mbili tu." Hapa ndipo mtaa wetu unaingia.

KEMRI wamefanya utafiti wa taifodi hapa Mukuru kwa miaka mingi, wakiongozwa na watu kama Profesa Sam Kariuki. Vitu viwili vimetokea tena na tena. Kwanza, kuna wasee wanabeba vijidudu vya taifodi na hawaumwi, wanatembea tu. Pili, vijidudu vingi vya taifodi wanavyopata havisikii tena zile dawa za zamani ambazo zilikuwa rahisi na za bei ya chini. Huo ndio usugu wa dawa.

Usugu hautoki hewani. Kila wakati mtu anameza antibiotiki, bakteria wote wa mwili wanapigwa, si wale wa kibofu pekee. Wanyonge wanakufa, wale wagumu wanabaki na kuzaana. Na kwa mtaa ambapo choo kimoja kinatumiwa na familia nyingi, maji huja kwa mipira inayopita karibu na mitaro, na mvua ikinyesha kila kitu kinaelekea Ngong River, bakteria wagumu wa mtu mmoja hawakai kwake. Wanafika kwa jirani.

Ongeza ile tabia yetu. Unaenda duka la dawa na chwani, unaitisha zile za rangi mbili, unapewa nne kwa kakaratasi. Mtoi anameza siku mbili, zingine zinawekwa kwa kabati za kusaidia mtu mwingine. Hiyo ni kufundisha bakteria kupigana.

Siku sistako atapata UTI ya ukweli, na homa ya kutetemeka usiku, utataka dawa ya kwanza atakayopewa ifanye kazi. Ukiitumia leo kwa kitu ambacho si ugonjwa, unaweza kufika hosi siku hiyo uambiwe hiyo dawa haishiki, na ile inashika ni ya sindano na ni ya doh mingi. Hiyo soo mbili ya leo inaweza kukula sana kesho.

Sasa turudi kwa binamu wa Kwale

Kama kupima mtoi mzima ni kazi bure kwa bakteria, mbona nasema binamu apimwe? Kwa sababu yeye anaweza kuwa na kitu tofauti kabisa: kichocho.

Kichocho si bakteria. Ni mnyoo, wa urefu wa sentimita moja hivi, unaoishi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu. Yule wa mkojo anaitwa Schistosoma haematobium, na Kenya anapatikana sana Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River na maeneo ya huko. Maisha yake ni hivi: mtu mwenye mnyoo anakojoa kwa bwawa ama mto. Mayai yanaanguliwa kwa maji, watoto wa mnyoo wanaingia kwa konokono mdogo wa maji, wanakaa huko na kuongezeka, halafu wanatoka kwa wingi na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Binamu yako anaingia kuogelea saa sita mchana baada ya shule. Wanapenya ngozi bila hata kidonda. Hakumeza kitu, hakuumwa na mdudu. Aliingia tu kwa maji.

Miezi miwili, mitatu baadaye, minyoo imekomaa na jike anataga mayai kila siku. Yale mayai yako na mwiba kwa ncha moja. Mengine yanatoboa na kutoka na mkojo, mengine yanakwama kwa ukuta wa kibofu na kubaki huko. Wakati mwingine damu inaonekana mwisho wa mkojo. Lakini mara nyingi ni kidogo sana, huwezi kuiona kwa macho, na mtoi anaendelea na boli. Na hata ikionekana, kuna sehemu nyingi Afrika ambapo kukojoa damu kwa vijana kumechukuliwa kuwa jambo la kawaida la kukua, kwa sababu kila kijana wa kijiji alipitia. Ikiwa kila mtu kwa darasa ako nayo, nani atasema ni ugonjwa?

Hapa kunyamaza kwa ugonjwa si upole. Yale mayai yaliyokwama yanaharibu kibofu taratibu, yanaweza kuziba njia ya mkojo na kurudisha presha hadi kwa figo. Damu inayopotea kidogo kidogo inampunguzia mtoi nguvu, na shuleni anaonekana tu mchovu. Tangu 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka huu mnyoo kwa orodha ya vitu ambavyo kweli husababisha saratani, hii ikiwa ya kibofu. Kwa wasichana, mayai yanaweza kufika kwa njia ya uzazi na kuleta vidonda, uchungu, na shida ya kushika mimba, na vidonda hivyo vinahusishwa na hatari zaidi ya kupata HIV. Makadirio ya kimataifa yanasema wanawake na wasichana kama milioni 56 Afrika wanaishi na hiyo hali. Wengi wao huambiwa ni ugonjwa wa zinaa na kuaibishwa bure.

Walimu wa Kilosa walionyesha njia

Kupima kichocho ushago si lazima kuwe na mashine kubwa. Tanzania, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kulifanywa kitu rahisi hadi inashangaza, na matokeo yakachapishwa 1991. Kwanza shule zilitumiwa karatasi ya maswali. Walimu waliuliza watoto mambo ya kawaida kuhusu magonjwa, na katikati kulikuwa na swali la kichocho. Shule ambazo watoto wengi walisema ndio, ziliwekwa alama. Halafu kwa hizo shule peke yake, walimu wenyewe, si madaktari, walipewa stripu wacheki damu kwa mkojo.

Ilifanya kazi. Watoto wanajua mkojo wao kuliko tunavyodhani, ukiwauliza vizuri na bila kuwaaibisha. Na mwalimu akifundishwa, anaweza kusoma stripu.

Hapa Kenya, Msambweni kule Kwale, watafiti na Wizara ya Afya walianza kufuatilia kichocho cha watoto wa shule tangu miaka ya 1980, wakiwapima na kuwapa dawa. Zanzibar nao, kati ya 2011 na 2017, Unguja na Pemba walipiga vita kichocho kwa kugawa dawa mara mbili kwa mwaka, kuua konokono, na kufundisha watu kuhusu maji.

Kama kuna maabara, kipimo kamili pia si ngumu. Mkojo unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka zaidi hiyo wakati. Wakati mwingine mtoto anaambiwa arukeruke kwanza. Mililita kumi zinapitishwa kwa kichujio chenye matundu madogo sana, mayai yanabaki juu, yanahesabiwa kwa hadubini. Mayai 50 ama zaidi kwa mililita kumi, huo ni mzigo mzito.

Na dawa? Inaitwa prazikwanteli. Inapimwa kwa uzito, ama kwa shule wanatumia mti wa kupima urefu: mtoto anasimama kando yake na unaonyesha ameze tembe ngapi. Humezwa mara moja, baada ya kula. Ni ya bei nafuu, na imetumika kwa mamilioni ya watoto Afrika. Zile ziko sokoni ni kubwa na chungu, so kwa watoto wadogo wa chini ya miaka sita kumetengenezwa ya kuyeyuka kwa maji, na sehemu ya majaribio yake ilifanywa hapa Kenya. Ulaya iliipa alama ya kijani Desemba 2023.

Linganisha sasa. Kwa bakteria bila dalili, ukimpata mtoi, dawa haimsaidii na inaweza kumuumiza. Kwa kichocho bila dalili, ukimpata, dawa ya siku moja inaua mnyoo mkubwa kabla uharibu kibofu. Hiyo ndiyo sababu moja inafaa kutafutwa kwa watoto wazima na ingine haifai. Kupima mtu mzima kuna maana tu kama kujua kutabadilisha maisha yake kuwa mazuri.

So wewe wa Reuben ufanye nini?

Kama mtoi wako amerudi na kakaratasi ka bakteria na haumwi: usinunue kitu. Muulize polepole: unaskia kuchomwa ukienda susu? Unaenda mara nyingi? Tumbo, mgongo? Mguse kama ako na homa. Kama yote ni hapana, mwache. Kama kambi yenyewe ilikupa antibiotiki, rudi umuulize aliyeandika: hii ni ya dalili gani? Una haki ya kuuliza, na daktari mzuri hatakasirika.

Kama ako na dalili, usingoje. Enda hosi, si duka la dawa, na uulize kama mkojo unaweza kukuzwa kwa maabara kabla dawa ianze. Akipewa dawa hapo, amalize zote. Mtoto mdogo mwenye homa ambayo haieleweki, hata bila kulalamika mkojo, apimwe. Mtoi wa mwaka mmoja hawezi kukwambia inachoma.

Kama kuna mjamzito kwa keja, siste, mke, jirani, huyo hesabu yake ni tofauti. Kumbuka Kass. Shirika la Afya Duniani linasema mama mjamzito apimwe bakteria kwa mkojo hata kama hasikii kitu, na akipatikana atibiwe. Ndiyo maana kliniki ya mimba huitisha mkojo. Asikose hiyo kliniki, na asiseme "mimi niko sawa."

Kama mtoi anaishi Pwani, ama alienda huko likizo na akaogelea kwa bwawa, mto ama mfereji, mpeleke apimwe kichocho. Usimpeleke siku anarudi. Ngoja kama miezi miwili au mitatu, kwa sababu kabla ya hapo mayai hayajaanza kutoka na kipimo kinaweza kusema yuko safi wakati hayuko. Aliogelea Desemba? Machi ndiyo saa yake. Akikojoa damu, hiyo usingoje hata siku moja. Na mwambie daktari wazi, "alikuwa Kwale, aliogelea," kwa sababu daktari wa Nairobi huenda asifikirie mnyoo. Kichocho cha Mwea na cha kando ya ziwa Victoria ni cha aina ingine, mayai yake hutafutwa kwa choo kubwa, so taja alikokuwa ndio wapime kitu sahihi. Maji ya bahari hayana hiyo shida, ni maji baridi yasiyo na chumvi.

Na binamu akirudi ushago, siku ya dawa za minyoo shuleni asikae nyumbani. Kenya iko na mpango wa kitaifa wa kudungua minyoo kwa shule, unafikia mamilioni ya watoto, na sehemu zenye kichocho prazikwanteli hutolewa pia. Mtoi asikie kizunguzungu kidogo ama tumbo siku hiyo, mara nyingi hupita. Muhimu aende amekula. Akirudi kwa maji yale yale anaweza kuambukizwa tena, ndiyo maana dawa hurudiwa.

Na choo je?

Moja ya vitu vinavyoletea watoi UTI ya ukweli ni kushika mkojo masaa mengi. Na mtaani watoto hushika. Choo cha kulipia ni mbali, doh hakuna, ama ni usiku na kutoka nje ni hatari, haswa kwa msichana. Shuleni choo ni kichafu ama hakina mlango, so anajikaza hadi jioni. Hakuna stripu itarekebisha hiyo.

So kama kuna kambi inakuja kwa shule ya mtaa wenu, na wewe uko kwa mbogi ya kuipanga ama unajua mwalimu, peleka hii maneno: kupima mkojo wa kila mtoi mzima kutafuta bakteria ni pesa inapotea na dawa zitatumika vibaya. Hiyo pesa iwekwe kwa mlango wa choo cha wasichana, tangi la maji, sabuni. Waulize watoto nani alikuwa Pwani likizo, hao ndio mkebe wao uchukuliwe.

Na ile soo mbili ya mathe, mrudishie. Mwambie sababu, pole pole, kwa sababu yeye aliogopa figo za mtoto wake, na hiyo si makosa. Halafu muulize binamu kama huwa wanaogelea baada ya shule, na kama mkojo wake umewahi kuwa mwekundu. Uliza ukiwa peke yenu, bila kucheka.